Namna ya kuchagua rezo ya stokaje ya klaudi ya kampuni yako hapa Lubumbashi

Bandugu, kila kampuni ya hapa Lushi yenye inaanza kujijengea klaudi yake ya ndani, ikuwe ya mugodi, ikuwe benki, ikuwe hospitali, inafikaka paka ku swali moja: maserveri iko huku, stokaje, ni kusema pahali data yote ya kampuni inalala, iko kule, sasa tunaunganisha na nini? Na pale njo makuta mingi inapotelea, juu muuzaji wa kwanza anasema bila Faiba Chaneli (rezo ya pekee ya stokaje) hauko na klaudi ya kweli, wa pili anasema hiyo imezeeka, wa tatu analeta kintu kipya chenye hakuna mutu hata mumoja mu muji anajua kukitengeneza kikiharibika usiku.

Mawazo yangu niyatoe mapema ili usinisome kwa kubahatisha: kampuni nyingi za huku zinatosheka na Etheneti (rezo ya kawaida ya kable) ya 25 Gb/s, swichi mbili, na iSCSI ao NVMe/TCP (protokoli, ni kusema luga za serveri kuongea na diski za mbali) inapita juu yake, alafu makuta yenye imebaki ununue diski nzuri na mabateri. Hizo zingine ziko na pahali pao, nitasema wapi. Lakini usinunue kitu mbele ya kupima.

Anza na kupima kazi yenye uko nayo leo

Ingia ku maserveri yenye inatumika sasa hivi. Ku Linux uandike `iostat -x 5` na uache izunguke siku nzima ya kazi ya kweli, na bora zaidi ushike zile siku za mwisho wa mwezi wakati mishahara inalipwa, ku Windows tumia Performance Monitor. Unatafuta bintu bine: operesheni ngapi kwa sekunde, kila moja ina ukubwa gani, ngapi ni za kusoma na ngapi za kuandika, na kila moja inangojea muda gani, ile yenye tunaita latensi.

Kisha piga hesabu, na hii hesabu ndogo inafungua macho kuliko katalogi yoyote. Tuseme databesi yako inafanya operesheni 20,000 kwa sekunde, kila moja ya KB 8. Hiyo inafanya MB 160 kwa sekunde, sawa na 1.3 Gb/s hivi (baiti moja ni biti nane). Kadi ya 10 Gb/s inabeba kama GB 1.25 kwa sekunde, kwa hiyo hiyo databesi yenye banasema ni nzito sana haijazi hata robo ya kadi moja ya kawaida! Shida yake haiko upana wa njia, iko muda wa kungojea, na muda wa kungojea unatokea mara nyingi ku diski.

Juu ya diski: diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika inatoa kama operesheni mia moja za hovyohovyo kwa sekunde, haifiki mbali na pale, kwa hiyo sanduku la diski 24 za aina hiyo linakupa kama elfu mbili hivi na hakuna rezo ya dunia itaongeza hata moja. Lakini ukienda ku diski za NVMe (za fleshi, zenye hazizunguki) mambo inageuka, juu diski moja ya PCIe 4.0 inaweza kusoma GB 7 kwa sekunde, ni kusema kama 56 Gb/s, diski moja peke yake inashinda kable yako ya 25. Pale sasa njo rezo inakuwa mulango mwembamba na pale njo unapashwa kuifikiria sana.

Kuko pia kipimo kimoja chenye vitabu vya maelekezo vya huko Ulaya vinaandikaka kidogo sana na kwetu ni cha kila wiki: umeme wa SNEL umekatika, bateri zimeisha, grupu imechelewa kuwaka, byote bimezima, kisha umeme unarudi na VM zako zote mia mbili (kompyuta za programu zenye zinaishi ndani ya maserveri) zinaamka wakati mumoja, kila moja inataka kusoma mfumo wake ku stokaje. Ile dakika kumi ni nzito kuliko siku nzima ya kazi. Kama hauna namna ya kuipima, basi uipange: VM za muhimu ziamke kwanza, zingine zifuate kwa makundi, juu kununua rezo kubwa mara tatu juu ya dakika kumi ni kutupa makuta.

Bloku, faili, ao objekti

Mbele ya protokoli jua data yako inataka namna gani ya kuwekwa. Bloku ni pale serveri inapewa diski tupu ya mbali na inaiona sawa diski yake mwenyewe, databesi na VM zinapendaka hiyo. Faili ni folda yenye bantu na maserveri mingi banafungua pamoja. Objekti ni ile ya kupitia HTTP kwa namna ya S3, yenye Amazon walianzisha 2006, na iko nzuri sana kwa bakapu, picha za skana za hospitali, video za kamera, na data za zamani zenye hakuna mutu anazigusa, ila usiweke databesi yenye kuishi pale.

NFS, protokoli ya faili, banaizarau bila sababu. Ilitoka ku kampuni Sun mu 1984, ni kweli, lakini toleo la 4.1 haliko sawa na ile ya zamani, na tangu Linux 5.3 kuko chaguo ya `nconnect` yenye inafungua njia mingi za TCP ku serveri moja badala ya moja tu. Kama klaudi yako iko ku Proxmox (programu ya kuendesha VM), NFS na faili za qcow2 (kila moja ni diski ya VM) inakupa picha za papo hapo za VM bila kujisumbua, kazi yenye LVM (namna ya Linux ya kugawanya diski) juu ya iSCSI ilikosaka kwa miaka mingi. Kwa kampuni ya VM makumi mbili ao tatu, mi ningeangalia NFS mbele ya yote.

Umbali, na hapa hakuna majadiliano

Hii njo sehemu yenye wakubwa wa kampuni wanakosaka kusikia, kwa hiyo uwaeleze na namba. Mwanga ndani ya fibri unakimbia kama km 200,000 kwa sekunde, ni kusema kila km 100 kwenda na kurudi inakula milisekunde 1, hata ukilipa vipi. Kutoka Lubumbashi mpaka Johannesburg kwa mustari wa ndege ni kama km 1,600, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 16 ya chini kabisa, na kable haiendaka kwa mustari wa ndege, inazunguka na kupita ku mashine mingi, kwa hiyo utaona zaidi. Azure iko na rejiyo Johannesburg tangu 2019, Google tangu 2024, AWS wao walifungua Cape Town 2020, yenye iko mbali zaidi tena.

Sasa linganisha: diski ya SSD ndani ya jengo lako inajibu chini ya milisekunde moja. Databesi yenye inaandika na kungojea jibu mbele ya kuandika tena, ukiilazimisha ingoje milisekunde 16 kila mara, itaandika kama mara 60 kwa sekunde. Mara 60! Muhasibu ataona paka kaduara kanazunguka ku ekra.

Kwa hiyo kanuni iko hivi: stokaje ya kazi ya kila dakika inabaki mu jengo moja na maserveri yenye inaitumia. Nakala ya mbali inaenda nyuma nyuma bila databesi kungojea. Likasi, kama km 120 kwa barabara, ukiwa na fibri yako mwenyewe unaweza hata kujaribu nakala ya papo kwa papo, juu ni milisekunde moja na kidogo. Kolwezi na km zake kama 300 mi singejaribu, ile ni ya nakala ya nyuma nyuma. Na Johannesburg ni ya bakapu, kwa S3, usiku.

Sasa protokoli zenyewe

Faiba Chaneli, FC kwa ufupi. Ni standadi tangu 1994 na ilitengenezwa paka juu ya stokaje. Nguvu yake iko hivi: mutumaji hatumi kintu mpaka mupokeaji amemwambia "niko na nafasi", kwa hiyo paketi hazianguki njiani, latensi inabaki tulivu hata mzigo ukipanda. Kila kadi iko na namba yake ya WWN, na unapanga mu swichi nani anaona nani, ile banaita zoni. Leo utakuta 16, 32 na 64 Gb/s. Ni teknoloji nzuri kabisa, na benye banasema imekufa hawajaingia mu chumba cha maserveri cha benki.

Shida ya FC kwetu haiko teknoloji, iko soko. Inataka kadi zake, swichi zake, moduli zake za mwanga, mara nyingi na leseni kwa kila poti, na watengenezaji wakubwa wa swichi wako wawili tu, Brocade yenye iko chini ya Broadcom tangu 2017, na Cisco. Moduli ikikufa siku ya posho, piyesi inatoka Johannesburg, inangoja Kasumbalesa na malori yote ile, wakati swichi ya Etheneti ikikufa unaweza kutoa nyingine ku raki ya jirani na kuendelea na kazi. Mi naichagua FC kama: uko nayo tayari na inafanya kazi muzuri, ao uko na mashine kubwa za IBM Power, ao muuzaji wa programu ya benki anaandika mu mkataba kwamba atasaidia paka ku FC. Na kama uko nayo ya 32 Gb/s, usiitupe, juu inaweza kubeba NVMe pia juu ya kable zile zile.

FCoE, FC ndani ya Etheneti, ilikuya na kelele mingi 2009 na haikushika. Usiianze leo. InfiniBand ni ya makompyuta makubwa ya hesabu na ya kufundisha akili bandia, NVIDIA alinunua Mellanox 2020 juu ya hiyo njo, wewe wa VM na databesi pita.

iSCSI ni amri za diski zenye zinasafiri ndani ya TCP/IP ya kawaida, standadi yake ilitoka 2004, namba ya poti ya TCP ni 3260. Uzuri wake: kila mfumo unaijua, Windows, Linux, VMware, Proxmox, na kijana yeyote mwenye alisoma rezo hapa muji anaweza kufuata njia ya paketi na kuona wapi imekwama. Bantu benye banasema iSCSI ni ya polepole, mara nyingi waliiweka vibaya, kwa hiyo hapa nakaa kidogo.

Usipitishe iSCSI mu swichi moja na intaneti ya maofisi. Ipe swichi zake, ao chini kabisa VLAN yake (rezo yenye imetengwa ndani ya swichi), bila kupita ku ruta. Tumia njia mbili zenye kila moja iko na sabuneti yake (kundi lake la anwani), kadi A inaenda swichi A, kadi B inaenda swichi B, na uache programu ya multipath ifanye kazi ya kugawanya na ya kuokoa. Usifunge kadi mbili pamoja kwa LACP (namna ya kufanya kable mbili ziwe moja) ukizani utapata mara mbili, juu sesioni moja ya iSCSI ni mukondo mumoja wa TCP na utapita paka ku kable moja, ile nyingine inalala. Ukitaka fremu kubwa za MTU 9000 (ukubwa wa paketi kwa baiti), basi ziwe 9000 pahali pote, kadi, swichi, stokaje, na hakikisha na `ping -M do -s 8972` kutoka kila serveri mpaka kila poti ya stokaje, juu poti moja yenye imebaki 1500 itakupa ugonjwa wa ajabu: kuingia inaingia, kuandika faili kubwa inaganda. Na ku Linux kuko kitu kimoja chenye banakisahauka: `replacement_timeout` ya iSCSI iko sekunde 120 toka mwanzo, ni kusema kable ikikatika VM inaganda dakika mbili mbele multipath haijahamia njia nyingine. Ukiwa na multipath ishushe ku 5 mpaka 15.

Swichi yenyewe, usinunue ile ya bei ya chini kabisa yenye bafa ndogo (pahali paketi zinangojea ndani ya swichi). Wakati stokaje inajibu maserveri kumi pamoja, paketi zinasongamana ku poti moja, swichi ndogo inaziangusha, TCP inarudia, na latensi inaruka. Hapa njo pahali pa kuongeza makuta.

NVMe/TCP ilikubaliwa 2018 na ndiyo mi naona inaenda mbele. iSCSI inabeba amri za SCSI zenye zilitengenezwa wakati diski zilikuwa zinazunguka. NVMe ilitengenezwa 2011 juu ya diski za fleshi, inaruhusu foleni kama elfu 64 zenye kila moja inabeba amri elfu 64, wakati SATA ya kawaida iko na foleni moja ya amri 32. Kila kori ya prosesa inapata foleni yake na hazigombani. Linux iko nayo tangu 5.0 ya 2019, VMware tangu vSphere 7.0 Update 3, poti ni 4420. Na kitu chenye kinanifanya niipende kwa kampuni za huku: inapita ku swichi zile zile, kable zile zile, kadi zile zile za iSCSI. Unajenga leo na iSCSI juu stokaje yako inajua iSCSI tu, miaka mitatu mbele unabadilisha stokaje na rezo inabaki.

RoCE ni kaka yake mwenye mbio zaidi, inapitisha data bila kusumbua prosesa, UDP poti 4791. Lakini inataka swichi zote zipangwe kwa PFC na ECN (kanuni za kuzuia paketi zisianguke rezo ikijaa) bila kosa, poti moja ikipangwa vibaya rezo nzima inaweza kuganda na hautaona ni wapi. Kama hauna enjeniere mwenye anaijua na mwenye atabaki ku kampuni, iache.

Kisha kuko Ceph, ile ya kuunganisha diski za maserveri yenyewe bila kununua sanduku la stokaje, ilianza ku chuo cha California, Santa Cruz, na kazi ya Sage Weil. Hakuna leseni, na hiyo inavutia wakubwa. Lakini wape hesabu kamili: inaweka nakala tatu, kwa hiyo TB 100 ya diski inakupa kama 33 ya kutumia, kila kuandika kumoja kunasafiri mara tatu mu rezo, inataka maserveri tatu ya chini na mi nasema nne ili moja ikikufa ingine ipate pahali pa kujiponya. Na diski ziwe zile zenye ziko na kapasita za kulinda data umeme ukikatika, juu SSD za nyumbani zinakuwa polepole sana wakati Ceph inazilazimisha kuandika kwa hakika.

Na kama uko na maserveri mbili ao tatu tu mu raki moja, uliza muuzaji sanduku la diski la SAS (aina ya kable ya diski) la kuchomeka moja kwa moja ku maserveri. Hakuna swichi, hakuna rezo, kable fupi basi. Wauzaji hawalitajaka juu halina mengi ya kuuza pamoja nalo, ila linafanya kazi safi.

Kujenga na kupima

Swichi A na swichi B zisipate umeme ku chanzo kimoja. Kila moja na UPS yake. Tembea nyuma ya raki na ufuate kila waya ya umeme na mukono, juu utakuta maserveri iko ku bateri na swichi ya stokaje iko ku prizi ya ukuta, na siku umeme unakatika maserveri yanabaki hai bila diski, hiyo ni mbaya kuliko kuzima byote pamoja, inaweza kuharibu databesi. Wakati wa kuwasha: swichi kwanza, stokaje ya pili, uingoje mpaka iko tayari kabisa, kisha maserveri.

Kati ya jengo na jengo upitishe fibri, hata kama ni mita 40. Mvua za huku kuanzia Novemba zinakuya na radi, na kable ya shaba yenye inatoka jengo moja mpaka ingine inaleta radi mpaka ndani ya swichi. Fibri ya OM3 inafika mita 300 kwa 10 Gb/s, kwa hiyo kiwanja cha kawaida kinatosha. Ndani ya raki tumia kable za DAC (kable fupi za shaba), bei yake iko chini na hazina moduli ya kuharibika.

Kisha mbele ya kuruhusu mutu wa kwanza kuingia, washa `fio` (programu ya kupima stokaje) na bloku za 8k, `--direct=1`, kusoma na kuandika pamoja, na wakati inazunguka chomoa kable A. Hesabu sekunde zenye imeganda. Rudisha, ngoja njia zirudi mu `multipath -ll`, chomoa B. Kisha zima swichi A nzima. Kisha kontrola moja (ubongo mumoja) ya stokaje. Muuzaji akuwe pale mu chumba na aone, na mukubwa mwenye anasaini fakture pia, na ile malipo ya mwisho ingoje mpaka hii jaribio imepita. Mu matokeo ya fio usiangalie wastani, angalia ile latensi ya asilimia 99, ni kusema muda wenye operesheni 99 ku mia hazipiti, juu bantu banalalamikaka juu ya zile mara chache zenye zilichelewa, wastani hausikii kilio chao.

Mbele ya kusaini uliza muuzaji bintu hivi na akujibu kwa maandishi: moduli za mwanga za kampuni ingine zinakubalika ku hii swichi ao imefungwa? Poti zote ziko wazi ao kuko leseni ya kulipa tena mbele? Garanti inahesabu siku gani, siku piyesi imetoka huko ao siku imefika Lubumbashi? Nani ku timu yako anakuja saa nane ya usiku, na anakaa muji gani? Na uweke mu budje, toka siku ya kwanza, swichi moja ya akiba na moduli ao kable mbili tatu, zilale mu kabati la chumba cha maserveri na konfigurasyo ya A na B zimechapwa ku karatasi juu yake, ili mwenye yuko zamu aichomeke bila kungojea mutu.